Kufaulu Kipimo cha Kelele na Kuulinda Uwanja ni Mambo Mawili

Asubuhi ya siku ya uwanja nchini Uingereza huanza na foleni. Kabla gari halijaruhusiwa kuingia kwenye njia ya mbio, mwenyewe hulisogeza hadi mbele ya mpimaji, ambaye huweka maikrofoni nusu mita kutoka ncha ya ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, kisha humwashiria dereva apandishe mizunguko ya injini hadi robo tatu ya ile inayotoa nguvu ya juu kabisa na kuishikilia hapo kwa sekunde chache. Mita ikionyesha namba iliyozidi kikomo cha uwanja, ambacho mara nyingi huwa mahali fulani kati ya desibeli 98 na 105, gari hilo haliingii. Mwenyewe anaweza kwenda kando, akajaribu kulipunguza sauti na kurudi kupimwa tena, lakini akishindwa, siku yake imekwisha kabla ya kuanza, na ada aliyolipa kwa kawaida hairudi.

Siku za uwanja si mashindano. Ni siku ambazo mtu mwenye leseni ya udereva, kofia ngumu na gari lililo salama hulipa ili aliendeshe gari lake mwenyewe kwa kasi kwenye uwanja wa mbio, bila kuhesabiwa muda na bila zawadi. Kwa wapenzi wengi wa magari, mimi nikiwamo, hiyo ndiyo nafasi pekee halali ya kulifahamu gari hadi ukingo wa uwezo wake. Ndiyo maana suala la kelele huzungumzwa sana, na karibu kila mara huulizwa kwa namna moja: nifanye nini ili gari langu lenye ekzosi ya sauti kubwa lipite? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeelekezwa pasipo mahali pake. Kipimo cha asubuhi ni makadirio tu ya kitu kingine, yaani kiasi cha sauti kinachovuka uzio wa uwanja na kuingia sebuleni kwa watu, na dereva anayekishinda kipimo kwa ujanja huku akikiacha hicho kitu kingine kama kilivyo anatumia akiba ambayo si yake peke yake.

Tuanze na hesabu, kwa sababu desibeli huwapotosha hata watu makini. Namba zake hazipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zina maana kwamba nguvu ya sauti imekuwa maradufu, na kila desibeli 10 zina maana kwamba imezidishwa mara kumi, ingawa sikio la binadamu huisikia kama sauti iliyoongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo gari la desibeli 110 halijalizidi kidogo tu gari la desibeli 100. Lina nguvu ya sauti sawa na magari kumi ya namna hiyo yaliyowekwa pamoja. Chukua siku yenye magari kumi na moja njiani, kumi yakiwa yanasoma 100 na moja likiwa limepenya kwa ujanja likiwa na 110. Nusu nzima ya sauti inayotoka uwanjani humo inatoka kwenye gari hilo moja. Waandaaji wangemrudisha nyumbani dereva huyo, wangeweza kuwaingiza wengine kumi wa desibeli 100 na jirani asingesikia tofauti yoyote.

Umbali nao una hesabu yake. Sauti inayotoka mahali pamoja hupungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu, ukiacha kando upepo na vizuizi. Kutoka nusu mita hadi mita 500 ni umbali uliozidishwa mara elfu moja, na upungufu wake ni desibeli 60. Gari la 100 mbele ya mpimaji huifikia nyumba iliyo mita 500 likiwa na 40 hivi, na magari kumi ya aina hiyo huifikia yakiwa na 50, sauti ambayo mtu aliyeketi bustanini kwake huisikia bila kutega sikio, mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini mpimaji naye anapaswa kuwa mwangalifu: maikrofoni ikisogezwa kutoka sentimita 50 hadi 40, namba hupanda kwa karibu desibeli 2 bila gari kubadilika hata kidogo. Dereva anayeomba kwa adabu umbali huo uhakikishwe kwa kijiti au kwa utepe wa kupimia, au gari lisogezwe mbali na ukuta wa zege unaorudisha sauti, anadai haki yake.

Lakini hata kipimo kikifanywa kwa usahihi wote, kina udhaifu wa kuzaliwa nao. Gari limesimama, gia haijaingizwa, na injini haina mzigo. Ili kushikilia mizunguko 4,500 kwa dakika katika hali hiyo, dereva hukanyaga mafuta kidogo sana. Hewa inayoingia kwenye silinda ni chache, mlipuko ni mdogo, na mapigo ya gesi yanayotoka ni laini. Njiani, kwenye mizunguko ileile, gari likiwa linapanda mwinuko na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, mapigo hayo huwa makali zaidi, na juu yake huongezeka sauti ya mdomo wa kuvutia hewa, ambayo katika baadhi ya injini za mbio inaweza kushindana na ekzosi yenyewe. Ndiyo maana viwanja vingi vimeweka maikrofoni nyingine kando ya njia, kupima magari yakiwa yanapita, na ndiyo maana kuna madereva wanaoitwa ndani kwa bendera nyeusi saa moja baada ya kufaulu vizuri kwenye foleni.

Jambo la pili husemwa mara chache zaidi, nalo kwangu ndilo zito. Mita zinazotumika huchuja sauti kwa mizani inayojulikana kama A, iliyoundwa kuiga namna sikio linavyozipokea sauti ndogo, na mizani hiyo hupunguza sana sauti nene. Kwenye masafa ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, hupunguza desibeli 19, na kwenye hezi 200 hupunguza karibu 11. Sasa injini ya kawaida ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya ekzosi kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 mapigo yake ni hezi 100 na kwenye mizunguko 6,000 ni hezi 200. Ina maana kwamba ule mngurumo wa msingi, ambao hupenya madirisha na kuta na kusafiri mbali kuliko sauti nyembamba, ndio unaopewa punguzo kubwa kwenye mita. Gari linaweza kupata namba nzuri huku likitetemesha vioo vya nyumba ambayo dereva wake hajawahi hata kuiona.

Baada ya kuelewa hayo, ndipo mtu anaweza kuzipima mbinu za kufaulu kwa haki. Inayojulikana zaidi ni kizibo, yaani kipande cha bomba jembamba kinachoingizwa kwenye ncha ya ekzosi na kukazwa kwa boliti. Mbele ya mpimaji hufanya kazi vizuri, kwani hubana njia ya gesi na kushusha desibeli kadhaa. Wapo wanaokitoa mara tu stika ya ruhusa inapobandikwa, na hao sina la kuwatetea. Wapo pia wanaokiacha kwa nia njema, lakini wameibana injini inayofanya kazi kwa nguvu zake zote. Joto hupanda, nguvu hupungua, na boliti ikilegea kwa mtetemo, kipande cha chuma chenye moto huruka njiani mbele ya gari linalofuata. Kizibo kina nafasi yake kama dawa ya dharura kwa mtu aliyesafiri kilomita mia tatu na kukuta amezidi kwa desibeli moja. Anayekitegemea mwaka mzima anajua tayari kwamba ekzosi yake haifai uwanja huo.

Mbinu nyingine haihitaji hata spana. Magari mengi ya kisasa ya michezo hutoka kiwandani yakiwa na vali ndani ya ekzosi, ambayo hufungwa injini inapokuwa tulivu na kufunguka inapofanya kazi kwa nguvu. Likiwa limesimama kwenye foleni, gari la aina hiyo halisumbui mtu. Likishaingia kwenye mnyooko mrefu, vali hufunguka na sauti yake hugeuka kuwa ya gari jingine kabisa. Mwenye gari huenda hajui hata kwamba vali hiyo ipo. Nimewaona watu wa namna hiyo, wenye magari mapya ambayo hayajaguswa na fundi yeyote, wakirudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana wakiwa wamejaa uchungu, na ninawaonea huruma ya kweli, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kufaulu asubuhi hakuwahakikishii mchana.

Mfano ulio wazi zaidi wa kukishinda kipimo bila kuitibu kelele unapatikana California. Uwanja wa Laguna Seca, ulio karibu na mji wa Monterey na uliofunguliwa mwaka 1957, huendesha siku zake nyingi za kawaida kwa kikomo cha desibeli 90 au 92, kinachopimwa gari likiwa linapita, kwa umbali wa futi 50, yaani mita 15 hivi. Kibanda chenye maikrofoni kinajulikana mahali kilipo, na madereva wamejipanga kwa ajili yake: hufunga mwishoni mwa ekzosi kipande cha bomba kilichopinda, ili mdomo wake uelekee upande usio na kibanda, na wengine huachia mafuta kwa muda mfupi wanapokipita, kisha hukanyaga tena. Sitaki kuwalaumu kupita kiasi. Bomba lililopinda lina manufaa ya kweli pale ambapo maikrofoni na nyumba za watu viko upande mmoja, kwa sababu sauti nyembamba hufuata uelekeo wa mdomo wa bomba. Mngurumo mnene, hata hivyo, husambaa pande zote, na kuachia mafuta mbele ya kibanda hakumsaidii jirani aliye upande wa pili wa kilima.

Kuhusu majirani hao, kuna hoja inayorudiwa katika kila mjadala kati ya madereva, nayo ni kwamba uwanja ulikuwapo kabla yao, walinunua nyumba wakijua, basi wavumilie. Naielewa hasira iliyo nyuma ya hoja hiyo, na niliwahi kuiunga mkono. Lakini anayeitegemea kuulinda uwanja anapaswa kujua kwamba katika sheria ya Uingereza haina nguvu anayodhani inayo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi iliyohusu uwanja wa mbio za pikipiki na magari karibu na Mildenhall, katika jimbo la Suffolk. Uwanja huo ulijengwa katikati ya miaka ya 1970. Walalamikaji walinunua nyumba yao jirani nao mwaka 2006. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa haki, Mahakama ya Rufani ikawanyima, na hatimaye Mahakama ya Juu ikawarudishia. Majaji walieleza kwamba kuhamia mahali penye kero, kwa jumla, si utetezi kwa anayeisababisha, mradi mlalamikaji anaitumia nyumba kama ilivyokuwa ikitumika, na kwamba kibali cha mipango kutoka kwa halmashauri hakimpi mwenye uwanja haki ya kuwanyang'anya majirani utulivu wao. Walikubali kwamba haki ya kupiga kelele inaweza kupatikana kwa kuitumia miaka 20, lakini ni lazima iwe imekuwa kero ya kisheria kwa miaka yote hiyo, na hilo wenye uwanja hawakuweza kulithibitisha.

Miaka mitano kabla ya hapo, uwanja wa Croft, huko North Yorkshire, ulikuwa umepita njia inayofanana na hiyo. Jaji wa kwanza aliwapa majirani fidia ya fedha akakataa kuweka zuio. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ilikwenda mbele zaidi na kuweka zuio linaloupa uwanja siku 40 tu kwa mwaka za viwango vya juu vya kelele. Tafakari maana ya namba hiyo kwa mwenye biashara. Uwanja una gharama za mwaka mzima, una lami ya kukarabati, bima ya kulipa na wafanyakazi wa kulisha, na siku zake zenye sauti zimehesabiwa kama vidonge. Goodwood, uwanja uliofunguliwa mwaka 1948 na ambao jina lake linajulikana kote duniani kwa magari ya kale, una siku tano tu kwa mwaka za magari yasiyo na sailensa, na hizo zote humezwa na mikutano yake miwili mikubwa. Siku nyingine zote ni za vikomo, na siku za uwanja tunazozipenda zimo humo.

Huko Connecticut, nchini Marekani, uwanja wa Lime Rock ulifunguliwa mwaka 1957. Mwaka 1959 mahakama ilipiga marufuku mbio za Jumapili hapo, baada ya malalamiko ya wakazi, na kanisa likiwa jirani kabisa. Marufuku hiyo ipo hadi leo. Watu waliokuwa wakiendesha magari yale ya mwaka 1959 wengi wao hawako tena duniani, lakini Jumapili walizozipoteza zimeendelea kupotea kwa wajukuu wao. Ninapomsikia dereva akisema kwamba amepita na kizibo na akakitoa mlangoni, huwa ninazifikiria Jumapili hizo.

Mazingira yenyewe pia yanabadilika kwa namna isiyotusaidia. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2014, umekuwa ukishusha kikomo cha sauti ya magari mapya ya abiria, kutoka desibeli 72 mwaka 2016 hadi 68 kwa aina mpya za magari kuanzia mwaka 2024, zikipimwa gari likipita. Kadiri barabara za kawaida zinavyozidi kuwa tulivu, sauti ya uwanja inayobaki vilevile huonekana imepanda. Jirani anayesema kwamba kelele zimezidi kuliko zamani anaweza kuwa mkweli kabisa kwa anachokisikia, hata kama mita ya uwanja haijasogea.

Sasa niseme yaliyonipata mimi. Gari langu lilipimwa 97 mwezi wa Aprili, na mwezi wa Oktoba likasoma 101 kwenye uwanja wenye kikomo cha 98, ilhali sikuwa nimebadilisha chochote. Nilibishana na mpimaji kwa muda mrefu, na ninajuta, kwa sababu nilipoifungua sailensa nyumbani nilikuta pamba yake imebaki mabaki meusi yaliyokwama kwenye kona. Sailensa nyingi za magari ya michezo ni bomba lenye matundu madogomadogo lililozungukwa na pamba ya kioo ndani ya kopo la chuma. Sauti hupenya matundu, ikaingia kwenye pamba na kugeuka joto dogo. Pamba hiyo huungua, hukatika na kupulizwa nje kidogo kidogo, hasa kwa gari linalokimbizwa kwa muda mrefu, na sauti hupanda taratibu kiasi kwamba anayeliendesha kila siku haitambui. Kuibadilisha ni kazi ya saa chache: kuondoa ribiti, kutoa mabaki, kufunga pamba mpya iliyobanwa kwa kiasi, na kurudisha kifuniko. Gari lilirudi 97. Yule mpimaji alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Funzo la kiufundi nililolipata baadaye ni kwamba 97 kwenye kikomo cha 98 ni karibu mno na ukingo. Maikrofoni iliyosogezwa karibu kidogo, ukuta unaorudisha sauti, au gasketi inayoanza kuvuja kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayopokea gesi kutoka kwenye silinda, kila kimoja kinaweza kumaliza nafasi hiyo. Ninachopendekeza ni kujenga ekzosi yenye angalau desibeli 3 za akiba chini ya kikomo cha uwanja mkali kuliko vyote unavyokusudia kwenda, na kuzipata kwa ujazo wa sailensa, maana kubana njia ya gesi ni kuiadhibu injini. Sailensa mbili zilizopangwa mfululizo hufanya kazi ambayo moja haiwezi, hasa kama ya kwanza ni ya vyumba, ambamo sauti hugongana na kurudi nyuma ikajiua yenyewe, na ya pili ni ya pamba. Ya vyumba hukata mngurumo mnene. Ya pamba hukata ukali wa juu. Katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, nayo ikiachwa mahali pake husaidia kutuliza, na wanaoing'oa kwa kutafuta nguvu kidogo huwa wanashangazwa na desibeli wanazoongeza. Uzito wa mfumo kama huo unaweza kuzidi ule mwepesi kwa kilo kadhaa. Mtu anayelikimbiza gari lake kwa kujifurahisha, bila saa ya kumhesabia, ana uwezo wa kuzibeba kilo hizo.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Magari mengi tunayoyaendesha yaliondoka Japani yakiwa yamekaguliwa kwa kipimo cha aina hiihii, maikrofoni ikiwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi na gari limesimama, na kikomo cha gari la kawaida la abiria huko kwa miaka mingi kilikuwa desibeli 96. Ule mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana hutokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu, na gari lilikuwa nao hata lilipofaulu ukaguzi. Fundi anapoikata sailensa ya nyuma na kuchomelea bomba tupu, haupi mngurumo huo ladha yoyote. Anaondoa tu kile kilichokuwa kikiufanya uvumilike.

Wapo watakaosema kwamba sauti ni nusu ya raha, na kwamba gari la michezo lililonyamazishwa limekufa. Sikubaliani, ingawa ninaipenda sauti ya injini kama wao. Dereva aliyevaa kofia ngumu, madirisha yakiwa yamefungwa, husikia zaidi injini iliyo mbele yake, mdomo wa kuvutia hewa na milio ya gia, na kwa sehemu kubwa sauti inayotoka nyuma huwaendea watu wengine. Desibeli nne nilizoziondoa kwenye ncha ya ekzosi yangu sikuzikosa kamwe ndani ya gari.

Waandaaji na wenye viwanja nao wana deni katika jambo hili. Kipimo cha gari lililosimama kibaki kama mlango wa kwanza, kwa kuwa ni cha haraka na humwokoa mtu asiingie njiani bure, lakini uamuzi wa mwisho uwe wa maikrofoni ya kando ya njia, na maikrofoni hizo ziwe zaidi ya moja na zisiwe mahali pamoja daima, ili kuachia mafuta mbele ya kibanda kusiwe na faida. Matangazo ya siku za uwanja yataje vikomo vyote viwili kwa herufi kubwa kama yanavyotaja bei. Anayekataliwa asubuhi kwa desibeli moja au mbili apewe nafasi ya kuhamishia ada yake kwenye siku yenye kikomo cha juu zaidi, kwani woga wa kupoteza fedha zote ndio unaowafanya watu waaminifu wachukue kizibo mkononi. Na kwa kuwa kadi ya usajili ya magari mengi ya Uingereza ina sehemu za U.1 na U.2 zinazotaja desibeli za gari likisimama na mizunguko iliyotumika, hakuna sababu ya kutomwomba mteja azisome kabla hajalipa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningependa kuliona kabla ya yote. Viwanja vingi tayari hupima sauti kwenye uzio wake, karibu na nyumba za watu, lakini namba hiyo hubaki ofisini, kati ya meneja na halmashauri. Iwekwe kwenye kioo cha kidijitali kwenye maegesho, mahali tunapokunywa chai kati ya zamu na zamu, pamoja na kiasi kilichobaki cha ruhusa ya siku hiyo. Ikifika saa nane mchana na namba inapanda kila mara gari fulani linapopita kwenye kona ya mwisho, hatutahitaji kumsubiri mpimaji. Tutamfuata mwenyewe akiingia maegeshoni, na tutalala naye chini ya gari tukiitafuta pamba iliyopulizwa.